Pampasi juu ya meza ya maabara

Wiki iliyopita nilichana pampasi mpya kwa mkasi mbele ya mwanafunzi wa fildi, akaniangalia kama nimechanganyikiwa. Nikakung'uta pamba mpaka ule unga mweupe ukadondoka kwenye kisahani. Haukufika hata kijiko cha chai. Nikamimina maji. Kabla hajamaliza kuuliza "Dada, ndiyo nini hiki?" unga ulikuwa umeshavimba, umejaa kisahani na unatetemeka kama jeli.

Kilichonifikisha huko ni maneno yake ya asubuhi. Alikuwa amekaa kwenye hadubini yetu (wagonjwa wa hapa Mbagala wanaiita darubini, nami nimeshaacha kuwasahihisha) anasoma slaidi ya malaria kwa lenzi inayokuza mara mia. Akasema: "Wenzetu sasa hivi wanaona mpaka protini mojamoja. Sisi bado tunahesabu vipete," yaani vimelea vichanga vya malaria vyenye umbo la pete. Nilikasirika kidogo, kwa sababu nusu ya alichosema ni kweli.

Mwaka 1873 Mjerumani Ernst Abbe, aliyekuwa akifanya kazi na Carl Zeiss kule Jena, alionyesha kwamba mwanga wenyewe una kikomo. Vitu viwili vikikaribiana zaidi ya takriban nusu ya urefu wa wimbi la mwanga, yaani kama nanometa 200 hivi (milimita moja ina nanometa milioni moja), lenzi itavionyesha kama kitu kimoja, hata uisugue vipi. Simama Coco Beach usiku usio na mwezi utazame taa za wavuvi wa dagaa. Mashua mbili zikiwa mbali na zimekaribiana, unaona doa moja la mwanga. Macho yako hayana ugonjwa wowote. Taa zimemwagikiana tu.

Sasa fikiria una simu za wavuvi wale. Unamwambia mmoja azime, unapiga picha, unaweka alama katikati ya doa la yule aliyebaki. Kisha wanabadilishana zamu. Ukiziweka picha mbili pamoja, unajua kila mashua ilipo, na hakuna kanuni ya Abbe uliyoivunja. Ndivyo alivyofanya Eric Betzig mwaka 2006, ila taa zake zilikuwa molekuli zinazowaka na kuzimika, na hadubini ya kwanza aliiunda na rafiki yake Harald Hess sebuleni kwa Hess, California. Na Betzig huyo alikuwa ameacha utafiti akaenda kufanya kazi kwenye kampuni ya baba yake! Stefan Hell alipita njia nyingine. Leza moja inawasha, ya pili yenye umbo la donati inazima pembeni, kinabaki kidoa chembamba katikati. Wazo hilo alilichapisha mwaka 1994. Wao wawili pamoja na William Moerner walipewa Nobel ya Kemia mwaka 2014. Taa zenyewe zina deni kwa protini ya kijani inayong'aa iliyotolewa kwa konyeza, ndugu wa hawa wanaotuwasha tukiogelea, lakini hiyo ni hadithi ndefu.

Hadubini hizo zinagharimu mamia ya maelfu ya dola, na hapo ndipo mimi na mwanafunzi wangu tunapoachana. Yeye anaota siku mfadhili ataleta moja. Mimi nilisoma mahali palipoletewa mashine ya kifahari. Kwa miaka miwili niliiona imefunikwa kitambaa cha kutariziwa kama televisheni ya bibi, kwa sababu aliyejua kuirekebisha alikuwa anapanda ndege kuja.

Ukiniuliza mimi, hatua inayotufaa zaidi haimo kwenye tuzo ile ya 2014. Ilitoka mwaka 2015 katika maabara ya Ed Boyden, chuo cha MIT, Marekani, na imo ndani ya pampasi. Badala ya kuhangaika na lenzi, walikuza sampuli yenyewe. Unaingiza jeli ya jamii ya ule unga ndani ya seli, unazifunga protini kwenye nyuzi za jeli, unalegeza seli kwa kimeng'enya, halafu unaongeza maji safi. Jeli inavimba kama mara nne na nusu kila upande na protini zinaachana kwa mpangilio uleule. Vitu vilivyoachana nanometa 70 hivi, sasa vinatengana vya kutosha kuonekana kwa hadubini ya kawaida ya mwanga wa kung'aa, ile inayozifanya rangi maalumu zing'ae zikimulikwa. Watafiti wa malaria wameshavimbisha vimelea namna hiyo, wakaziona nyuzi zinazovuta kromosomu kimelea kinapogawanyika. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa nanometa 7,000 au 8,000, na mle ndani kimelea ni kidogo mno. Kwa lenzi yangu naona pete ya buluu na nukta nyekundu, basi.

Haiponyi kila kitu. Sampuli inakuwa imekufa, kwa hiyo huwezi kuangalia seli ikitembea. Kingamwili za kupaka rangi, zile zinazonasa protini unayoitafuta zikiwa zimebeba rangi, ni ghali na zinataka friji isiyozimika, na friji isiyozimika Dar mnaijua wenyewe. Lakini hadubini za mwanga wa kung'aa tunazo, kuna vituo vinazitumia kila siku kupimia kifua kikuu. Chuo kinachofundisha wateknolojia wa maabara kingeweza kuanza na jeli mwaka huu huu bila kusubiri kontena bandarini.

Na vile vipete asividharau. Tone la mafuta analoweka juu ya slaidi, ili mwanga usipinde ukitoka kwenye kioo, ni kazi ya Abbe huyohuyo na Zeiss, mwaka 1878. Rangi tunayopaka ni ya Gustav Giemsa, mfamasia aliyefanya kazi katika koloni hili la Wajerumani kati ya 1895 na 1898. Robert Koch, daktari Mjerumani, naye alikuwa mjini hapa mwaka 1897 na 1898 akichunguza malaria, miaka ileile hospitali ya Ocean Road ilipofunguliwa. Tulikuwemo kwenye hadithi hii tangu zamani, ila tulikuwa upande wa kidole kinachotobolewa.

Adui wangu wa kweli ni unyevu. Mwaka juzi niliandika "hakuna vimelea" kwenye slaidi moja, mwenzangu akairudia kwa hadubini nyingine akaviona. Lenzi yangu ilikuwa na ukungu, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui. Tangu siku hiyo kila jioni nafungia lenzi kwenye boksi lenye vifuko vya kunyonya unyevu, na ufunguo nakaa nao mimi.

Mwanafunzi alichovya kidole kwenye jeli, akakinusa. "Kwa hiyo Dada, nikitia chumvi?" Nikamwambia ajaribu. Akanyunyiza, jeli ikaanza kunywea na kutoa maji, naye akainama mpaka pua ikakaribia kisahani. Mama mmoja dirishani akagonga kuulizia majibu ya mtoto wake, na slaidi tatu zilikuwa bado hazijasomwa.