Wazee Wanaogopa Bunduki, Mimi Naogopa Sanduku: Major ya Counter-Strike Ikitazamwa Kutoka Unguja

Usiku wa tarehe 22 Juni 2025, katika ukumbi mmoja wa gemu usio mbali na Michenzani, vijana wapatao kumi na wawili walikusanyika mbele ya skrini moja wakitazama fainali ya Major ya mchezo wa kompyuta wa Counter-Strike iliyokuwa ikichezwa Austin, Texas, kati ya klabu ya Vitality ya Ufaransa na The MongolZ ya Mongolia. Vitality ilishinda ramani mbili kwa moja, ramani ikiwa ni uwanja wa pambano moja, ikachukua dola 500,000 kati ya dola milioni 1.25 zilizoshindaniwa na timu 32, na ukumbi mzima, ambao ulikuwa upande wa Mongolia tangu mwanzo, ukanyamaza kama uwanja wa Gombani baada ya wageni kufunga. Mlangoni alikuwa amesimama ami mmoja wa mtaa ule, mtu ninayemheshimu, aliyekuja kumtafuta mtoto wa ndugu yake. Alitazama kwa dakika chache, akaona mtu anapigwa risasi ya kichwa, akaona bomu linategwa, akauliza: "Mwanangu, hawa wanafunzwa kumuua nani?" Kijana alimjibu kwa adabu: "Ami, huu ni mchezo tu, kama mpira." Kila mmoja alisema analoliamini. Hata hivyo, hatari ninayoiona mimi katika mashindano haya haikutajwa na yeyote kati yao, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Kwanza niueleze mchezo wenyewe, maana mazungumzo mengi ya barazani huendeshwa na watu ambao hawajautazama zaidi ya zile dakika chache za mlangoni. Counter-Strike ulianza mwaka 1999 kama kazi ya vijana wawili walioubadilisha mchezo mwingine wa kompyuta, kisha kampuni ya Valve ya Marekani ikawaajiri na kuufanya mali yake. Major ndilo jina la mashindano yake makubwa. Ya kwanza yalifanyika Jönköping, Sweden, mwaka 2013, kwa zawadi ya dola 250,000, na yalichukuliwa na Fnatic, timu ya Waswidi watupu. Hukutana timu mbili za watu watano watano, moja ikijaribu kutega bomu na nyingine ikizuia, na baada ya raundi 12 hubadilishana pande. Anayetangulia kufikisha raundi 13 huchukua ramani. Kinachomshangaza mtazamaji mpya ni hesabu. Kila raundi timu hupata fedha za mchezo kulingana na ilivyocheza, na nahodha lazima aamue kama wenzake wanunue silaha nzuri sasa hivi au waingie na bastola tu ili wawe na nguvu raundi ijayo. Ni uamuzi wa aina ile ile unaomkabili mchezaji wa bao anapojiuliza kama ailinde nyumba yake au aivunje, isipokuwa hapa wanaamua watu watano ndani ya sekunde chache, kila mmoja akimsikiliza mwenzake. Mlengaji hodari aliye katika timu isiyosikilizana hafiki mbali.

Hoja ya wazee inastahili kujibiwa kwa heshima, na sehemu yake moja naikubali bila kusita. Upande unaotega bomu katika Counter-Strike huitwa magaidi, na mojawapo ya ramani zake mashuhuri, Dust II, iliyotoka mwaka 2001, ni mji wa kuta za rangi ya mchanga, milango ya upinde na vichochoro vyembamba. Mtu aliyekulia Malindi au Mkunazini hahitaji kuelezwa kuwa mji huo unafanana na miji ya watu gani. Kumpitisha gaidi katika vichochoro vya namna hiyo kwa zaidi ya miaka 20, mbele ya macho ya vijana wa dunia nzima, si jambo dogo, na kijana wa Kiislamu anayecheza bila kulihisi hilo amezoea kitu ambacho hakupaswa kukizoea. Valorant, mchezo ulio jirani sana na huu, uliotolewa na kampuni ya Riot mwaka 2020, unaziita pande zake washambuliaji na walinzi tu, na utamu wake haukupungua kwa hilo. Kwa hiyo jina la ugaidi halikuwa la lazima hata kidogo. Tena Ulaya wameupa Counter-Strike daraja la miaka 18, ilhali katika kumbi zetu nimewaona watoto wa darasa la sita wakiucheza wakiwa bado na sare za skuli.

Lakini hofu kubwa ya ami, kwamba anayeua kwenye skrini atakuja kuua mtaani, ushahidi wake ni dhaifu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliochunguza vijana wapatao 1,000 wa Uingereza wenye umri wa miaka 14 na 15, na kutoa matokeo yao mwaka 2019, hawakuona uhusiano kati ya kucheza michezo ya mapigano na ukali wa tabia kama ulivyoelezwa na walezi. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilikuwa na tahadhari zaidi: mwaka 2020 kilisema upo uhusiano mdogo na tabia kama za kupayuka na kusukumana, lakini ushahidi hautoshi kuufanya mchezo kuwa sababu ya ukatili wa kweli. Kupayuka nimekusikia mwenyewe katika kumbi hizi, pamoja na matusi ambayo mzazi yeyote angeyakataza, na naona hilo ni suala la malezi ya ukumbi na mwenye ukumbi. Wachina walijaribu njia nyingine katika Michezo ya Asia ya Hangzhou, iliyofanyika mwaka 2023: PUBG Mobile, mchezo wa simu wa kupigana risasi, iliingizwa kwenye medali baada ya kubadilishwa, timu zikashindana kwa mbio za magari na kupiga shabaha badala ya kupigana risasi. Jaribio hilo lilionyesha kuwa ulengaji na ushirikiano vinaweza kupimwa bila mtu kuanguka, ingawa aliyeupenda mchezo ule kwa jinsi ulivyo hakuukuta pale.

Kwa upande wa vijana, hoja iliyonigusa zaidi haihusu fedha. Mwezi Machi 2017 Zanzibar ilipokewa kuwa mwanachama wa 55 wa CAF, na mwezi Julai mwaka huo huo uanachama ukafutwa kwa maelezo kuwa Zanzibar si nchi inayojitegemea. Kila anayefuatilia mpira Visiwani anakikumbuka kidonda hicho. Major haina mlango wa aina hiyo. Zinazoshindana ni klabu, haziulizwi bendera, wala hazihitaji shirikisho la kuziombea kiti. Vijana watano wa Wete wakiwa na uwezo, hakuna kamati ya nje itakayowaambia kuwa kisiwa chao hakitambuliki. Nimewasikia vijana wakilisema hili kwa uchungu wa kweli, na sioni jibu la kuwavunja moyo.

Mfano wanaoutaja ni Mongolia, na wameuchagua vizuri. Nchi hiyo ina watu wapatao milioni 3.5, wakati sensa ya 2022 iliihesabu Zanzibar watu 1,889,773. Haina bahari, iko mbali na Ulaya ambako mchezo huu una nguvu, na majirani zake wawili ni Urusi na China. Mwaka 2022 timu ya Wamongolia iitwayo IHC ilifika Major ya Antwerp. Miaka mitatu baadaye The MongolZ ilikuwa fainalini Austin, na miezi miwili baada ya kushindwa huko ikatwaa ubingwa wa Counter-Strike katika Kombe la Dunia la Esports, yaani mashindano ya michezo ya kompyuta, mjini Riyadh. Ndiyo maana ukumbi wa Michenzani ulikuwa upande wao.

Hata hivyo, mlango usio na mlinzi hauko karibu na kila mtu. Counter-Strike ya sasa huchezwa kwenye kompyuta peke yake, na vijana wetu wengi wanachezea simu. Aliyebobea katika Free Fire kwa bando la siku hajaanza bado safari ya Major. Kisha kuna umbali. Mwanga ndani ya nyaya za nuru husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 kati ya mchezaji na seva, yaani kompyuta inayouendesha mchezo mtandaoni, huongeza ucheleweshaji wa milisekunde 10 za kwenda na kurudi, hata mtandao ukiwa mzuri namna gani. Seva za Valve zilizoko Johannesburg ziko kiasi cha kilomita 2,500 kutoka Unguja kwa mstari ulionyooka, na nyaya za baharini hazifuati mstari ulionyooka. Kijana wa Chake Chake anayekutana na Mjerumani kwenye seva ya Ujerumani huwa ameshapigwa kabla skrini yake haijamwonyesha adui. Nafasi za kuingia Major nazo hupangwa kwa kanda tatu, yaani Ulaya, Amerika na Asia; Afrika haina jina lake humo. Aliyekuwa nahodha wa klabu ya Complexity na kucheza Major kadhaa, Johnny Theodosiou, ni Mwafrika Kusini, lakini mwaka 2018 yeye na wenzake wa klabu ya Bravado walilazimika kuhamia Arizona ili wapate wa kucheza nao.

Sasa nifike kwenye sanduku. Tangu Agosti 2013 mchezo huu umekuwa ukitoa masanduku ambayo ndani yake mna mapambo ya silaha: rangi, michoro, na kwa nadra sana kisu. Sanduku hufunguliwa kwa ufunguo unaouzwa dola 2.49, zaidi ya shilingi 6,000, na kinachotoka huamuliwa na bahati. China ilipowalazimisha wenye michezo kutangaza uwezekano, mwaka 2017, ilijulikana kuwa kisu au kitu cha daraja lake hutoka kwa takriban asilimia 0.26, yaani chini ya mara tatu katika masanduku elfu moja. Pambo hilo haliongezi nguvu wala shabaha. Thamani yake yote inatokana na kuwa linaweza kuuzwa kwa mtu mwingine, wakati mwingine kwa maelfu ya dola, na hapo ndipo mtoto anapoacha kucheza na kuanza kubahatisha. Mwaka 2018 Ubelgiji iliamua kuwa masanduku ya namna hii katika michezo kadhaa, Counter-Strike ukiwemo, ni kamari, na Valve ikazuia ufunguaji wake nchini humo. Kwetu hakuna hata mtu mmoja niliyemsikia akilizungumza barazani, na hali aya ya 90 ya Suratul Maida inaitaja kamari pamoja na ulevi kwa jina lake.

Uzito unaongezeka tukikumbuka kuwa Major yenyewe inakula kutoka meza hiyo. Kila Major Valve huuza stika za ndani ya mchezo zenye nembo za timu na sahihi za wachezaji, na nusu ya mapato hugawiwa wachezaji na klabu. Wanaotetea utaratibu huu wana la kusema: fedha hizo ndizo zinazoziweka hai klabu ndogo kama zile za Mongolia, na jezi za mpira nazo zimejaa majina ya makampuni ya kubahatisha bila mtu kufunga uwanja. Nakubali hoja ya kwanza. Ya pili inanipa shida, kwa sababu anayebeti mpira hutoka nje ya mchezo na kwenda mahali panapoitwa kwa jina lake, ilhali sanduku liko ndani ya mchezo, lina mlio wa furaha na taa za rangi, na akaunti ya kulifungulia huruhusiwa kwa mtoto wa miaka 13. Wala mali hiyo si mali. Oktoba 2025 Valve ilibadilisha kanuni moja ya namna visu vinavyopatikana, na bei zake zikaporomoka katika siku moja tu; waliokuwa wameweka akiba zao humo hawakuwa na wa kumshitaki.

Kwa hiyo nikiulizwa kama kumbi zifungwe, nasema zisifungwe, na nikiulizwa kama ziachwe zilivyo, nasema hapana. Major haichezwi kwa masafa. Timu hukusanywa pamoja, kompyuta huunganishwa kwa waya katika ukumbi mmoja, na ucheleweshaji huwa karibu na sifuri kwa wote, awe Mfaransa au Mmongolia. Kompyuta kumi, swichi moja ya mtandao na waya vinatosha kuwapa vijana wa Unguja na Pemba mechi iliyo sawa kama ile ya Austin, bila seva ya Johannesburg na bila bando, na mchezo wenyewe hupakuliwa bure. Maabara za kompyuta za vyuo vyetu hukaa kimya mwisho wa wiki. Masharti ningeyaweka mawili: asiingie aliye chini ya miaka 18, na akaunti zitakazotumika ziwe za mashindano, zisizounganishwa na kadi wala fedha za simu, ili sanduku lisipate pa kufunguliwa.

Ami aliondoka usiku ule na mtoto wa ndugu yake kabla sijapata nafasi ya kumweleza haya. Baadaye nilimwuliza kijana mmoja aliyebaki kama amewahi kununua ufunguo. Alisema amenunua tisa, kwa fedha alizopewa za nauli ya skuli, na hajapata kisu.