Banda kwanza au ubao kwanza?

Mhadhiri mmoja wa sayansi ya wanyama huku Nyanda za Juu Kusini ana utaratibu uliozua mabishano. Wiki mbili za mwanzo wa kozi hagusi ubao. Anawapeleka wanafunzi kwa wafugaji wa Rungwe tangu alfajiri, wakate matete, yaani majani marefu ya kulishia ng'ombe, wasafishe banda, wakamue. Noti zinafuata baadaye. Baadhi ya wenzake wanasema anakula muda wa vipindi, wafugaji wanasema huyo ndiye mwalimu. Nami nimesoma fani hiyo, na nina upande wangu.

Nilimaliza shahada ya miaka 3 nikiwa nimeshika chuchu za ng'ombe mara mbili, tena darasa zima tukiwa tumemzunguka ng'ombe mmoja. Mwezi wangu wa kwanza kazini, mama mmoja wa Tukuyu aliyepata mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, kwa utaratibu wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe aliniita. "Mwanangu, huyu analia tangu usiku, majani hataki. Anaumwa?" Nilipima joto la mwili, nikapapasa tezi nikitafuta ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, nikakagua kupe masikioni. Muda wote huo ute mwangavu kama wa yai ulikuwa unaning'inia chini ya mkia wake. Jirani aliyepita na mzigo wa kuni ndiye aliyesema, "Huyo anataka dume."

Homoni zote za mzunguko wa uzazi wa ng'ombe nilikuwa nimeziandika kwenye mtihani, kwa Kiingereza, na nikafaulu. Lakini sikuwahi kusikia ng'ombe analia hivyo. Joto la uzazi, yaani kipindi ng'ombe anapotaka dume, halimalizi hata siku moja: ukiliona asubuhi, mhimilishaji, mtaalamu wa kupandikiza mbegu, aje jioni. Likipita, unasubiri siku 21 nyingine, na hizo ni siku za mama yule kulisha ng'ombe asiye na mimba. Kwa sababu hiyo naunga mkono banda kwanza.

Hata hivyo, anayempinga mhadhiri huyu kwa nguvu kuliko wenzake wote ni matete yenyewe. Rungwe mvua ni nyingi, majani yanaota haraka. Mfugaji anajaza hori mpaka pomoni, ng'ombe anakula, tumbo linatuna, na maziwa yanazidi kupungua. Ukisimama pale bandani utaapa kwamba ng'ombe ameshiba. Sasa piga hesabu. Ng'ombe wa kilo 400 anayekamuliwa anahitaji kama kilo 12 za chakula kikavu kwa siku, yaani uzito wa majani maji yakishatolewa. Matete machanga ya masika, kilo 100 zake zinaweza kubaki kilo 15 tu zikikaushwa. Kwa hiyo mizigo miwili ya kilo 25 anayoibeba mfugaji kichwani asubuhi inampa ng'ombe kilo saba na nusu. Anayebaki ni ng'ombe mwenye tumbo kubwa na njaa. Kiangazi anapokatiwa migomba hali ni mbaya zaidi, maana mgomba una maji kuliko hata matete. Hilo, jicho halilioni, hata likae bandani miaka 20. Linaonekana kwenye mizani, na kwa mtu aliyefundishwa cha kupima.

Ugonjwa wa kiwele uliojificha ni vivyo hivyo. Maziwa meupe, kiwele laini, hakuna damu wala mabonge. Mpaka uyachanganye na dawa ya kupimia kwenye kisahani, yavutike kama mlenda, ndipo utajua robo ipi kati ya nne za kiwele ina ugonjwa.

Kuna hoja nyingine ambayo watetezi wa mafunzo kwa vitendo tunaipita haraka. Wanafunzi 40 wakizunguka mabanda manne kwa siku na buti zilezile, wanaweza kubeba ugonjwa wa miguu na midomo kutoka boma hadi boma. Na ng'ombe anayeingizwa mkono na wanafunzi 10 mfululizo kupima mimba anaumia. Ng'ombe wa mama si maabara. Wanaoshauri mazoezi hayo yafanyike TALIRI Uyole, taasisi ya utafiti wa mifugo, au shamba la serikali la Kitulo kule Makete wana haki kwa sehemu kubwa, maana huko kuna ng'ombe wengi na kumbukumbu zao. Wanachokosa wanafunzi huko ni yule mama mwenye ng'ombe mmoja na robo eka ya matete, na huyo ndiye wengi wao watakayemhudumia.

Kwangu mimi mpangilio wa mhadhiri ni sahihi, ila wiki mbili bila mizani ni nusu ya somo. Wabebe mizani siku ya kwanza. Wapime mzigo, warudi na sampuli chuoni wakaikaushe, wapime tena, halafu ndipo afungue mada ya lishe. Buti zioshwe kwa dawa mlangoni mwa kila banda, bila mjadala.

Kinachonitia hofu ni alama. Vyuo vyetu vingi mtihani wa mwisho wa semista unabeba 60 kati ya 100, na mwanafunzi anayelijua hilo atarudi kwenye madesa wiki ya tatu, hata kama banda lilimfurahisha. Sehemu ya alama hizo ingehamia kwenye daftari la ng'ombe mmoja: tarehe ya joto, saa ya kuhimilishwa, na siku ya 21 mwanafunzi arudi mwenyewe alfajiri kuangalia kama ng'ombe ametulia, yaani joto halijarudi.