Naomba Kuongea na Mtu

Jana huku ughaibuni nimebishana na roboti ya simu dakika 40 na nimeshindwa. Bili wamenikata mara mbili, nikapiga huduma kwa wateja, ikapokea sauti ya dada mpole hadi nikamsalimia, kumbe mashine. Namwambia naomba kuongea na mtu, ananijibu nimekuelewa, unataka kujua salio lako. Salio gani dada! Nikarudia polepole, nikapaza sauti, nikaigiza mpaka lafudhi ya wenyewe ya puani, akanishukuru kwa uvumilivu wangu, akakata.

Nyumbani ningeenda mwenyewe dirishani. Ndio, ningeambiwa mtandao hamna njoo kesho, sijasahau jamani msinikumbushe. Ila yule karani ana macho, unamwamkia, unamlilia shida, akikununia unaulizia mkubwa wake. Huyu wa huku mkubwa wake nani?

Najua mtaanza, "kakaa nje miaka miwili anajifanya kachoshwa na teknolojia, sisi tunaitafuta kwa tochi." Wala sijidai. Fomu najaza kitandani saa sita usiku na asubuhi jibu limeshafika, raha naisikia, na nikikumbuka foleni za kwetu na fotokopi tatu tatu natamani hata kulia. Ninachokataa ni kumtoa mtu kabisaa. Klarna, kampuni ya malipo ya Uswidi, mwaka 2024 walijisifu msaidizi wao wa akili mnemba (AI) anapiga kazi ya watu 700, mwaka 2025 haohao wakarudi kuajiri watu ili mteja akitaka binadamu ampate. Sasa wenyewe wanapunguza mwendo halafu kwetu kila bosi anataka chatiboti, tena ya kutujibu kwa Kiingereza!

Binamu yangu kwenye grupu la familia anasema kwa hii akili mnemba nyie wa huko ndio mtakosa kazi, sisi halituhusu. Kwa hesabu hajakosea sana, IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, Januari 2024 walisema nchi tajiri kazi kama asilimia 60 zitaguswa, nchi maskini asilimia 26, na kuguswa sio lazima kufukuzwa, wengine itawarahisishia tu. Lakini binamu, hiyo ChatGPT unayoandikia barua za maombi ya kazi ilitoka Novemba 2022, na kabla haijatoka kulikuwa na vijana Kenya wanashinda wanasoma ukatili na uchafu wa kila aina ili mashine ifundishwe kuutambua, kwa chini ya dola 2 kwa saa. Imetugusa kitambo, sema sisi tumeingizwa kwa mlango wa jikoni. Hapo ndio napandwa na hasira, halafu mtu aniambie naringa.

Bili bado. Leo nimetafuta ofisi yao kwenye ramani niende na miguu yangu, imeandikwa imefungwa moja kwa moja, kuna namba ya simu pembeni. Nimepiga. Kapokea yuleyule dada.