Nguvu ya Kiwandani na Nguvu ya Kuongeza: Kinachobaki Denver na Kinachofika Mbeya

Vijana wa nyumbani, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kuanzia Mwanjelwa na Uyole hadi Makambako, wakishajua kwamba ninafanya kazi katika gereji huku Colorado, huniuliza swali moja: kati ya gari la misuli la Kimarekani (gari la mwendo mkali lenye injini kubwa) lililotoka kiwandani na nguvu farasi 700, na lile la 460 ambalo fundi ataliongezea mpaka lifike 700, lipi ni bora? Wengi huwa wameshaamua kabla ya kuuliza. Wameona video za Ford Mustang GT iliyofungwa supachaja, yaani pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, ikiliacha nyuma gari la bei mara mbili yake, wakapiga hesabu ya fedha, wakaridhika. Mimi siridhiki nayo. Naamini kwamba uwezo wa gari kuongezewa nguvu si mali ya gari peke yake, bali ni mali ya mji linamoishi, na kwa sababu hiyo nguvu iliyojengwa kiwandani husafiri na gari hadi Mbeya, ilhali ule uwezo wa kuongezwa unaosifiwa huku Marekani hubaki bandarini.

Tuanze na magari yenyewe. Kwa toleo la 2015 Dodge walileta Challenger SRT Hellcat, injini ya V8 (silinda nane) ya lita 6.2 yenye supachaja na nguvu farasi 707, na tangu hapo makampuni yakaingia katika vita vya tarakimu. Chevrolet Camaro ZL1 ya 2017 ilikuja na 650, Ford Mustang Shelby GT500 ya 2020 ikaja na 760, na mwaka 2023 Dodge wakatoa Challenger Demon 170 yenye 1,025. Chini yao kuna magari ambayo mtu wa kawaida anaweza kuyafikiria: Camaro SS yenye 455, na Mustang GT yenye 460 kuanzia toleo la 2018 na 480 kuanzia lile la 2024. Uzalishaji wa Challenger na wa Camaro ulikoma Desemba 2023, kwa hiyo wanunuzi wengi sasa wanatafuta yaliyotumika, na mengi kati ya hayo yameshapita mikononi mwa mafundi wa kuongeza nguvu.

Tarakimu hizo zote hupimwa kwa kanuni ya SAE J1349, ya chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, ambayo hurekebisha matokeo yalingane na hewa kavu ya mgandamizo wa kilopaskali 99, yaani hewa ya mahali palipo karibu na usawa wa bahari. Detroit iko chini ya mita 200, kwa hiyo wanaoyatengeneza magari haya huishi karibu na hewa ya kipimo hicho. Denver, mji ninakoishi hapa Colorado, iko mita 1,609, na Mbeya mjini ni takriban mita 1,700. Njombe iko juu zaidi. Hapa ninapoishi mgandamizo wa hewa ni takriban kilopaskali 83, na injini inayovuta hewa yenyewe, bila supachaja wala tabo, hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu yake kwa kila mita 300 za mwinuko. Mustang GT ya nguvu farasi 480 ikifika Denver au Mbeya inakuwa gari la takriban 400, na hakuna fundi wala muuzaji aliyeiba kitu. Kwenye uwanja wa Bandimere, uliokuwa kando ya Denver kwa mwinuko unaokaribia ule wa Mbeya mpaka ulipofungwa mwaka 2023, madereva wa mbio za moja kwa moja walilijua jambo hili vizuri, na muda wao ulirekebishwa kwa hesabu maalumu ili ulinganishwe na muda wa viwanja vya pwani.

Wengi hudhani kwamba supachaja ndiyo dawa ya hewa nyepesi. Si kweli, au ni kweli nusu tu. Supachaja huzungushwa na mkanda unaotoka kwenye kranki, shafti kuu ya injini, kwa hiyo kasi yake imefungwa kwenye kasi ya injini. Ikipewa hewa nyepesi itaigandamiza kwa kiasi kilekile, na gari litapoteza takriban asilimia ileile. Hellcat ya 707 huku juu hubaki na takriban 590. Tabo ni jambo jingine, kwa kuwa huzungushwa na moshi wa injini na kompyuta inaweza kuiacha izunguke kwa kasi zaidi mpaka mgandamizo unaotakiwa upatikane, hivyo hupoteza kidogo sana. Ndiyo maana ninawaheshimu watu wa nyumbani wanaopenda Subaru za tabo kwa mbio za magari za Iringa: huenda hawajawahi kuisoma kanuni ya SAE, lakini milima imewafundisha wachague ipasavyo.

Njia ya kuirudishia Hellcat nguvu yake katika mwinuko huu ni kubadilisha puli ya supachaja. Mkanda unalegezwa na kutolewa, puli ya kiwandani inavutwa kwa kifaa chake maalumu polepole ili shafti isipate mkwaruzo, kisha inafungwa nyingine yenye kipenyo kidogo zaidi, ambayo huifanya supachaja izunguke mara nyingi zaidi kwa kila mzunguko wa kranki. Kwa macho ni kazi ndogo. Lakini baada ya hapo kompyuta ya injini lazima iandikwe upya, na kompyuta za Dodge tangu 2015 zimefungwa kiasi kwamba ni lazima ipelekwe kwa wenye ujuzi wa kuifungua, au inunuliwe nyingine iliyokwisha kufunguliwa. Gari hupandishwa kwenye mashine ya kupimia nguvu, hukimbizwa, takwimu za mchanganyiko wa hewa na mafuta na za muda wa cheche husomwa, programu hurekebishwa, na gari hukimbizwa tena. Kisha mwenye gari akilishusha mpaka Houston, karibu na usawa wa bahari, ile puli iliyofaa Denver inaanza kusukuma hewa nyingi kupita kiasi, mafuta yanalipuka kwenye silinda kabla ya wakati wake, na bila ya programu nyingine pistoni ziko hatarini.

Hellcat inaustahimili ukorofi huu kwa sababu imejengwa kwa vifaa vya metali ya kufuliwa, kuanzia kranki hadi pistoni, na kwa sababu watengenezaji wake waliiachia nafasi. Hii ndiyo ile injini ninayoikubali kwa mtu anayetaka kuongeza. Hata kiwanda chenyewe kilitambua kwamba nguvu hiyo inahitaji adabu, kikatoa funguo mbili: mwekundu unaoruhusu nguvu yote, na mweusi unaoizuia isivuke 500.

Sasa tazama Camaro mbili, SS na ZL1. Kwa mbali ni ndugu, zote zina V8 ya lita 6.2, na kijana wa Mbeya atasema kwamba tofauti ni supachaja tu. Ukifungua ndani utaona kwamba injini ya SS ina uwiano wa mgandamizo (kiasi silinda inavyobana hewa; ukiwa mkubwa, nafasi ya kuongeza supachaja hupungua) wa 11.5 kwa 1 na pistoni za kusubu, wakati ile ya ZL1 imeshushwa hadi 10 kwa 1, ikapewa pistoni za kufuliwa na vali za titani za kuingizia hewa. Chevrolet walitangaza kwamba ZL1 ina vipoozeo 11, vya maji, oili, giaboksi, difu na hewa ya supachaja kwa pamoja. Breki za mbele zina pistoni sita kila upande badala ya nne. Anayefunga supachaja kwenye SS ananunua kitu kimoja katika orodha hiyo ndefu, kisha anashangaa kwa nini gari linapata joto baada ya dakika chache za kulikimbiza. Mustang GT nayo ina uwiano wa 12 kwa 1 tangu 2018, na gia za pampu yake ya oili ni za chuma cha unga kilichogandamizwa. Zinatosha kabisa kwa kazi zilizopangiwa. Lakini mafundi wa huku wanaofunga supachaja kwenye injini hiyo huzitoa na kuweka za chuma kigumu, kwa kuwa zikivunjika injini inakosa oili ghafla na beringi zinakwisha kabla dereva hajaitazama taa ya dashibodi.

Hapa ndipo ninapoona kwamba watu wa nyumbani wana busara ambayo haisifiwi inavyostahili. Mtu aliyekua akiona malori yamesimama mlima Kitonga boneti zikiwa wazi na utingo akitafuta maji hahitaji kuelezwa kwamba nguvu isiyo na rejeta ya kutosha ni ya muda mfupi. Mafundi wetu hulitengeneza gari kwa ajili ya barabara kwanza: huongeza springi, hubadilisha shokapu, huinua gari, huimarisha mahali panapopasuka. Wamefunga injini za Kijapani kwenye Land Rover kuukuu zikaendelea kupanda milima ya Makete kwa miaka, kazi ambayo wenzangu wa gereji ya Aurora, kando ya Denver, wameikubali kwa dhati nilipowaonyesha picha. Na magari ya Kijapani waliyoyazoea yaliwafundisha kutoiamini sana tarakimu ya karatasi, maana watengenezaji wa Japani walikubaliana kutotangaza zaidi ya nguvu farasi 280 mpaka mwaka 2004, hata pale injini ilipoweza kutoa zaidi.

Hata hivyo, nikipenda nyumbani lazima niseme pia linaloniuma. Tabia ya kutoa themostati na kuitupa ili injini isichemke inaendelea, na injini inayofanya kazi ikiwa baridi mno huchoma mafuta mengi na kulika mapema. Mafundi wengi hufanya kazi bila kifaa cha kusoma kompyuta ya gari kikamilifu, na Mbeya sijapata kuona gereji yenye mashine ya kupimia nguvu. Kwa Mark II ya lita 2 hasara yake ni ndogo. Kwa injini yenye uwiano wa 12 kwa 1, iliyofungwa supachaja na kuandikiwa programu kwa kubahatisha, hasara yake ni injini nzima.

Kwa hiyo ninaposema kwamba uwezo wa kuongezwa ni mali ya mji, ninamaanisha vitu vinavyohesabika. Huku Denver nikihitaji mkanda wa urefu fulani ninaupata baada ya siku moja au mbili. Vipo vituo vya E85, mafuta yenye ethanoli nyingi yanayostahimili mgandamizo mkubwa, ambayo ndiyo siri ya nusu ya magari mnayoyaona kwenye video. Ipo sheria ya Magnuson-Moss ya 1975, ambayo haimruhusu mtengenezaji kumnyima mteja dhamana kwa sababu tu amefunga kifaa cha kampuni nyingine, mpaka ionekane kwamba kifaa hicho ndicho kilichosababisha ubovu. Na vipo vikwazo vyake: sheria ya nchi inakataza kuondoa vifaa vya kusafisha moshi, na hapa magari yakishafikisha umri fulani hupelekwa kupimwa moshi. Gari linapopanda meli kwenda Dar es Salaam, haya yote hayapandi nalo.

Haki inanitaka niseme kwamba hata nguvu ya kiwandani si yote inayosafiri. Demon 170 hutoa zile 1,025 kwa E85 tu. Kwa petroli ya daraja la juu ya pampu za Marekani hutoa 900. Mbeya na Iringa sijawahi kuona pampu ya E85, hivyo anayelipia 1,025 atapokea 900, na mwinuko utachukua sehemu yake tena.

Kwa mwenye fedha anayetaka gari la aina hii nyumbani, uchaguzi ni mwembamba kuliko anavyodhani. Sisi tunaendesha upande wa kushoto, na Challenger haikutengenezwa kamwe na usukani wa kulia. Mustang ndiyo iliyotoka kiwandani hivyo, tangu 2015, na zipo zilizotumika Uingereza. Forodha ataangaliwa ukubwa wa injini na umri wa gari, na lita 5 zipo katika daraja la juu la ushuru wa bidhaa, kabla ya VAT. Wapo watakaomshauri achukue ile ndogo ya lita 2.3 yenye tabo, na ushauri huo una maana kuliko unavyosikika, kwa kuwa kwenye karatasi pengo kati yake na GT ya 2024 ni nguvu farasi 165, lakini Mbeya pengo hilo hupungua kuelekea 100 au chini yake.

Mimi ningechukua GT, isiyoguswa na mtu, yenye kumbukumbu kamili za huduma, na kabla ya kulipa ningedai kompyuta yake isomwe kuona kama imewahi kuandikwa upya. Fedha ya supachaja ningeigawa: rejeta kubwa zaidi ya alumini, kipoozeo cha oili, pedi za breki zinazohimili joto la kushuka kutoka Uporoto hadi Tukuyu, seti mbili za tairi nzuri, na sanduku la spea za vitu vinavyokwisha haraka, maana sensa moja ya Mustang inaweza kulilaza gari Mafiati, pale Mbeya mjini, kwa wiki kadhaa. Kutoka Uyole hadi Mbalizi karibu kote ni makazi, kikomo ni kilomita 50 kwa saa na tochi ya trafiki haiko mbali, kwa hiyo zile nguvu farasi 400 zitakazobaki atazitumia kwa nadra, kwenye mlima ulio wazi, akilipita lori. Na hapo atataka gari ambalo kila kifaa chake kilipangwa na watu walewale waliopanga injini.