Petroli ya okteni kubwa, inasaidia kweli au unachoma hela tu?

Wako watu wakiingia sheli lazima wajaze petroli ile ya bei juu wakiamini gari itapata nguvu, na wako wanaosema huo ni ujanja wa wauzaji, petroli ni petroli. Wote wanaruka kitu kimoja: namba ya okteni haipimi nguvu wala usafi, inapima mafuta yanavumilia kubanwa kiasi gani kabla hayajajiwakia yenyewe.

Yaani pistoni inabana hewa na petroli halafu plagi ndo iwashe, sasa kwenye injini ya tabo (inayosukumiwa hewa ya ziada) au inayobana sana ukiweka okteni ndogo, sehemu ya mchanganyiko inawaka kabla moto wa plagi haujaifikia, ndo ule mlio wa kugongagonga unaousikia ukipanda mlima na mzigo, ukiendelea hivyo pistoni zinaharibika. Hapo wa "petroli ni petroli" wameshindwa.

Ila kama gari imeundwa kwa okteni ya kawaida, kuiwekea yenye okteni 98 haiongezi kitu. AAA, chama cha wenye magari Marekani, walipima mwaka 2016 wakaona haina faida. Na kusafisha injini ni kazi ya kemikali za kusafishia zinazochanganywa kwenye mafuta, okteni haihusiki.

Utata uko kwenye gari ambazo kitabu chake kinasema okteni kubwa "inapendekezwa". Sensa ikisikia kugonga, kompyuta inachelewesha moto wa plagi, injini inajilinda lakini nguvu inapungua na ulaji wa mafuta unaweza kupanda, kwa hiyo ulichookoa kwenye pampu unaweza kukirudisha kidogokidogo. Mi ningesema kama unaendesha taratibu weka ya kawaida, ukivuta trela au ukisafiri kwenye joto kali weka kubwa. Kitabu kikisema "lazima" hapo hakuna mjadala.

Halafu angalia namba ni ya kipimo gani maana hapa wengi wanapigwa chenga: Marekani wanatumia AKI, Ulaya na nchi nyingine nyingi RON, na 87 ya AKI inakaribia 91 ya RON. Kitabu cha gari ya Marekani kikikwambia 91 afu ukajaza 91 ya RON, umeweka ya chini kuliko ilivyotakiwa, ulipaswa utafute 95 au zaidi.