Profesa kasema "sijui," na hakuna aliyecheka

Leo asubuhi hapa Graz msimamizi wangu wa uzamivu alisimama mbele ya ubao, chaki mkononi, akalitazama swali langu dakika kumi nzima. Kisha akasema, "Sijui," akaketi. Tulikuwa watu wanane, hakuna aliyenong'ona. Mmoja akainuka, akaichukua ile chaki.

Ndugu zangu, huu ni mwaka wangu wa tatu Austria na jambo hili bado linanichoma. Kidato cha pili niliuliza kwa nini hasi mara hasi ni chanya. Nikaambiwa nikariri, na mpaka tunamaliza shule jina langu lilikuwa Mjuaji.

Mtasema kapanda ndege, kaanza kutudharau. Simdharau mtu. Tulikuwa themanini na kitu darasani, kitabu kimoja dawati zima. Mwalimu akikiri hajui, darasa linamponyoka. Na mwalimu wangu wa darasa la pili kule Muheza, aliyetufundisha kugawanya kwa kokoto za uwanjani, amenijenga kuliko profesa yeyote wa huku. Hilo nalisema kifua mbele. Lakini anayeuliza aibishwe kwa kosa gani?

Kazi yangu yote ni kuuliza: data ina umbo gani? Yaone matone ya kwanza ya mvua kwenye vumbi: kila tone ni nukta ya data. Sasa yatanuke polepole. Yanagusana, yanaungana, mengine yanajipinda kama ngata na kuacha tundu katikati. Yakizidi kutanuka, tundu linazibika. Sisi tunaandika kila tundu limezaliwa lini, limekufa lini. Linalozibika upesi mara nyingi ni kelele tu, limetokea kwa bahati. Linalodumu, hilo ndilo la kufuatilia.

Njia hii ilitolewa mwaka 2000 na Herbert Edelsbrunner, mzaliwa wa mji huu huu, pamoja na wenzake wawili. Mwaka 2011 mwanahisabati Gunnar Carlsson na wenzake, kwa njia nyingine ya topolojia, yaani hisabati ya maumbo, walichambua data za saratani ya matiti wakaona kundi la wagonjwa ambalo njia za kawaida hazikuwa zimelitenga. Katika data zile, wagonjwa wote wa kundi hilo walikuwa hai. Wote! Mtu aliuliza data ina umbo gani, basi.

Baba mdogo hunipigia simu: "Hayo matundu yako yatatuletea maji?" Namjibu, "Sijui, baba." Anaguna, anaamini masomo yamenishinda. Hayajanishinda. Najua ninachokijua na najua kilipoishia, na kufika hapo kumenigharimu miaka.

Wiki iliyopita binti yake, naye yuko kidato cha pili, alinitumia ujumbe wa sauti. Ilinibidi niweke simu sikioni kabisa ndipo nimsikie: "Dada, hivi kwa nini hasi mara hasi ni chanya?" Alikuwa peke yake chumbani, kafunga mlango, na bado alikuwa ananong'ona.