Eti Kusoma Tu!

"Kazi yenyewe si kusoma tu?" Jamani! Kusomea maiki kitabu cha sauti hapa Dodoma ni kugombana na mji mzima.

Anza na hesabu. Saa moja ya kitabu kilichokamilika hula saa mbili hadi tatu za kurekodi. Ongeza kuhariri na kusikiliza upya, zinagonga sita. Anayelipa analipa ile moja.

Chumba nacho! Mtu kabandika trei za mayai ukutani, anajiona ana studio. Trei ya mayai haizuii hata kikohozi. Godoro na mablanketi mazito yanaua mwangwi, basi. Jogoo wa mtaani Nkuhungu hayamzuii. Ndiyo maana watu wazima wanaishia ndani ya kabati, katikati ya makoti, saa tisa usiku. Kelele za chumba kitupu zisizidi desibeli -60 kwenye kipimo cha rekodi, kwa hiyo zima feni, zima friji. Ila funguo za nyumba zitie ndani ya friji hiyohiyo, usije ukatoka ukaacha nyama inavunda.

Mvua ya Dodoma ni ya kuhesabu, watu wanaiombea. Wewe peke yako unanuna, maana tone la kwanza likigonga bati, kazi imelala. Kiangazi nacho hewa kavu: ulimi unabanduka kwenye kaakaa, "tk!", na maiki inaukuza huo mlio kama mtu anavunja kuni. Maji yanywe saa mbili kabla, si dakika ya mwisho. Epo la kijani linasaidia, uchachu wake unakata ute. Chai ya maziwa iache. Kaa shubiri moja kutoka kwenye maiki, mdomo upande kidogo, la sivyo kila "p" ya "papai" inapiga kama mlango. Na tumbo? Likiwa na njaa linanguruma. Likishiba makande, usiulize.

Halafu kuna wanaorekodi kabla ya kumaliza kusoma kitabu. Mzee wa ukurasa wa 3 umempa sauti nzito ya bosi, mnakwenda naye vizuri sura kumi. Ukurasa wa 210 ndipo mwandishi anakumbuka kutaja kwamba mzee ana kigugumizi na lafudhi ya Kigogo.

Rudi ukurasa wa 3. Na jogoo huyo, ameshaanza.